Kuchomoa Flashi na Diski ya Nje Bila Kupoteza Mafaili: Mwongozo Kamili

Mstari wa kunakili umefika asilimia 100, kidirisha kimejifunga, na mkono tayari umeshaishika flashi. Wengi huichomoa hapo hapo, na mara nyingi hakiharibiki kitu. Ndiyo maana tabia hii ni ngumu kuiacha. Unaweza kuchomoa hovyo kwa muda mrefu bila kuona madhara, halafu siku moja ufungue folda na kukuta majina yamegeuka herufi za ajabu, au faili lina ukubwa wa sifuri. Na faili linaloumia aghalabu ni lile la mwisho kunakiliwa, yaani lile lile lililokufanya uchomeke flashi.

Hapa chini nimeeleza jinsi ya kuchomoa flashi, diski ya nje, SSD ya nje (diski isiyo na sehemu inayozunguka) na memori kadi kwenye Windows, Mac na Linux, pamoja na maneno machache kuhusu simu na kamera. Nafasi kubwa nimeipa hali ambayo maelezo mengi huipitia juu juu: pale kompyuta inapokataa kuiachia diski.

Kidirisha kimefungwa, kazi haijaisha

Unaponakili faili, mara nyingi kompyuta hailiandiki moja kwa moja kwenye flashi. Hulihifadhi kwanza kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambako kuandika ni kwa kasi kubwa, kisha hulihamishia kwenye flashi taratibu huku wewe ukiendelea na mambo mengine. Ni kama karani anayepokea barua yako, akagonga muhuri wa kupokelewa, kisha barua ikapelekwa masijala baadaye. Muhuri unao, lakini barua bado iko mezani kwake.

Tupige hesabu ndogo. Chukua faili la GB 2 na flashi inayoandika MB 10 kwa sekunde. Kuliandika lote kunahitaji zaidi ya sekunde 200, yaani dakika tatu na ushei. Kwenye kompyuta ya Linux yenye RAM ya kutosha, mstari wa kunakili unaweza kukimbia hadi mwisho kwa sekunde chache tu. Dakika zote zinazobaki, sehemu kubwa ya faili lako ipo kwenye RAM na haijafika kwenye flashi. Ukitaka kuliona hili kwa macho, fungua dirisha la amri wakati unanakili, kisha andika:

watch -n 1 grep Dirty /proc/meminfo

Namba inayotokea ni kiasi cha data kinachosubiri kuandikwa. Itapanda ghafla, halafu itashuka polepole hata baada ya kidirisha cha kunakili kutoweka. Kwa mpangilio wa kawaida, Linux huiacha data ikae hadi sekunde 30 kabla ya kuihesabu kuwa imekaa mno na inapaswa kuandikwa.

Hiyo ni tabaka ya kwanza. Ya pili imo ndani ya kifaa chenyewe. Diski ya kuzunguka ina kumbukumbu yake ndogo ya kupokelea data kabla ya kuiandika kwenye sahani. SSD nayo huhifadhi ramani inayoonyesha kila kipande cha data kimewekwa wapi, na ramani hiyo hubadilika kila inapoandika. Flashi ina ugumu wake: haiwezi kubadilisha baiti chache tu pale zilipo. Hufuta eneo zima, kubwa kuliko kile ulichobadilisha, kisha hulijaza upya. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, data iliyokuwa jirani inaweza kuathirika hata kama hukuigusa.

Tabaka ya tatu ndiyo inayowashangaza watu wengi. Kila diski ina jedwali linaloonyesha faili gani liko wapi. Kuongeza faili moja ni kuandika mara kadhaa: data yenyewe, jina ndani ya folda, na nafasi iliyotumika ndani ya jedwali. Ukichomoa kati ya hatua hizo, kitakachoharibika kinaweza kuwa folda nzima na si lile faili jipya peke yake. FAT32 na exFAT, mifumo ya kupanga mafaili ambayo ndiyo hutumika kwenye flashi na kadi nyingi, hazina daftari la kumbukumbu la kuzisaidia kujirekebisha baada ya kukatishwa. NTFS ya Windows na ext4 ya Linux zinalo. APFS ya Mac hutumia njia nyingine ya kulinda mpangilio wake, ya kuandika mahali papya kabla ya kuacha pa zamani. Lakini hata hizi tatu, kinachohakikishwa ni mpangilio wa diski. Yaliyomo ndani ya faili lililokatishwa bado yanaweza kupotea.

Kwa hiyo unapobofya Eject (amri ya kutoa kifaa) unaiagiza kompyuta mambo matatu: imalizie kuandika kila kilichobaki, ifunge jedwali, na iache kabisa kukigusa kifaa. Ikishakujibu kwamba tayari, ndipo unachomoa.

Windows, hatua kwa hatua

1. Subiri kunakili kuishe, kisha tazama taa ya flashi au diski kama inayo. Ikiwa inapepesa haraka haraka, bado kuna kazi. Taa iliyotulia ni dalili nzuri, ila usiitegemee peke yake, maana flashi nyingi hazina taa na nyingine taa yake huwaka muda wote.

2. Funga mafaili yote uliyoyafungua kutoka kwenye flashi. Ikiwa uliihariri hati humo, ihifadhi kwanza, kisha funga programu yenyewe. Programu nyingi huendelea kulishikilia faili au folda hata baada ya kufunga dirisha la hati.

3. Kama dirisha la File Explorer linaonyesha yaliyomo kwenye flashi, lifunge au nenda folda nyingine.

4. Karibu na saa, upande wa chini kulia, bofya alama ndogo ya plagi ya USB. Isipoonekana, bofya kwanza kimshale kinachoelekea juu, imejificha humo. Chagua jina la kifaa chako. Soma vizuri ikiwa una diski zaidi ya moja, kwa sababu orodha hii mara nyingi huonyesha jina la kiwandani na si lile ulilolipa wewe.

5. Subiri ujumbe wa "Safe To Remove Hardware". Huu ndio ruhusa. Kubofya tu hakutoshi, hasa kwa flashi ya taratibu ambayo inaweza kuchukua muda kumalizia.

6. Shika plagi yenyewe, si kebo, na uivute moja kwa moja bila kuipinda.

Njia nyingine ni kufungua "This PC", kubofya kulia kwenye flashi na kuchagua Eject. Kwenye Windows 11 neno hilo lisipoonekana mara moja, fungua "Show more options".

Sasa, kuna hoja utakayoisikia: kwamba siku hizi Windows haihitaji haya yote. Ina msingi. Kuanzia Windows 10 toleo 1809, lililotoka mwaka 2018, Microsoft ilibadilisha mpangilio wa kuanzia wa vifaa vya nje uwe "Quick removal", yaani kompyuta isirundike data ya kifaa hicho kwenye RAM. Kabla ya hapo mpangilio wa kuanzia ulikuwa "Better performance", ambao huharakisha kazi lakini hulazimu kuitoa diski kwa utaratibu. Kujua diski yako iko upande gani, fungua Device Manager, panua "Disk drives", bofya kulia kwenye diski, chagua Properties, kisha tazama ukurasa wa Policies.

Maoni yangu ni kwamba mpangilio huo unapunguza hatari na hauiondoi. Hauwezi kujua kama Excel bado imefungua faili lako, wala hauizuii programu ya kuzuia virusi kuwa katikati ya kukagua. Zaidi ya hapo, mpangilio huu huwekwa kwa kila kifaa na kwa kila kompyuta. Flashi yako inaweza kuwa "Quick removal" kwenye mashine yako na "Better performance" kwenye mashine ya mwenzako. Kubofya mara mbili ni rahisi kuliko kukumbuka ipi ni ipi.

Kompyuta inapokataa

Umebofya, na jibu ni kwamba kifaa kinatumika. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kuvuta. Usivute. Kukataa huko ni taarifa: kuna programu imeshikilia kitu ndani ya diski, na kinachobaki ni kumjua mshikaji.

Anza na washukiwa wa kawaida. Hati iliyofunguliwa na kupunguzwa hadi chini ya skrini ukaisahau. Kichezeshi cha video kilichositishwa katikati ya filamu. Kivinjari ulichokitumia kupakia faili moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Dirisha la amri ambalo bado limesimama ndani ya diski, kwa mfano E:, hata kama halifanyi lolote. Programu ya kuzuia virusi inayokagua, ambayo mara nyingi huhitaji dakika chache tu. Programu ya chelezo (nakala za akiba) au ya kusawazisha mafaili na mtandao, kama uliiagiza ifuatilie folda iliyo kwenye diski hiyo. Ukishafunga hivi vyote, jaribu tena.

Ikikataa bado, Windows yenyewe huandika jina la mshikaji mahali ambapo watu wachache hupatazama. Bonyeza kitufe cha Windows, andika Event Viewer, uifungue. Upande wa kushoto panua "Windows Logs", kisha bofya System. Tafuta rekodi ya karibuni ambayo chanzo chake ni Kernel-PnP na namba yake ni 225. Ifungue usome: utakuta njia kamili ya programu iliyozuia kifaa kisitolewe, ikiishia na jina lenye .exe, pamoja na namba ya mchakato wake. Jina hilo ndilo unalolifunga, kwa njia ya kawaida kwanza, na kupitia Task Manager ikiwa haina dirisha.

Ukikuta jina ni System na namba ya mchakato ni 4, basi aliyeshikilia ni kiini cha Windows, na hicho huwezi kukifunga. Ruka hadi kwenye kuzima kompyuta, hapo chini.

Njia ya pili ni Resource Monitor. Andika resmon kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua ukurasa wa CPU, na kwenye sehemu ya "Associated Handles" andika herufi ya diski na nukta mbili, kwa mfano E: kisha usubiri. Orodha itaonyesha programu ipi imeshikilia faili lipi. Hii naipenda zaidi ya Event Viewer kwa sababu inakuonyesha faili lenyewe, na mara nyingi ukiliona tu unakumbuka ulilifungua wapi.

Kwa diski kubwa ya nje, kuna mlango mwingine. Fungua Disk Management, bofya kulia kwenye kisanduku cha kushoto chenye jina kama "Disk 1", chagua Offline. Diski ikishakuwa Offline unaweza kuichomoa. Kasoro yake ni kwamba ukiirudisha kwenye kompyuta hiyo itabaki Offline hadi uende hapo hapo na kuchagua Online, na asiyejua hudhani diski imekufa. Hakikisha pia namba ya diski kwa kulinganisha ukubwa wake kabla ya kubofya. Flashi za kawaida hazina chaguo hili.

Mwisho wa yote, zima kompyuta. Lakini izime kweli. Tangu Windows 8, kompyuta nyingi zina "Fast Startup", ambapo kuzima kwa kawaida huhifadhi hali ya kiini cha mfumo ili kuwaka kuwe haraka baadaye. Ukitaka kuzima kamili, shikilia Shift huku ukibofya "Shut down". Subiri feni na taa zizime, ndipo uchomoe.

Kuifanya kompyuta isinzie (Sleep) hakusaidii kitu, na kunaweza kuleta balaa. Kompyuta iliyosinzia inaamini kwamba diski bado ipo vile vile ilivyoiacha. Ukiichomoa, ukabadilisha mafaili yake kwenye mashine nyingine, kisha ukairudisha na kuiamsha ile ya kwanza, inaweza kuendelea na picha ya zamani ya jedwali na kuandika juu ya mabadiliko mapya. Usihamishe diski kutoka kwenye kompyuta iliyosinzia, hata kwa dakika mbili.

Mac

Kwenye Finder, bofya alama ya kimshale kilicho kando ya jina la diski, au ichague diski na ubonyeze Command pamoja na E, au iburute hadi kwenye pipa la takataka (haifuti chochote, usiogope). Diski ikiwa na sehemu zaidi ya moja, Mac itakuuliza kama unataka kutoa moja au zote. Kama unataka kuchomoa kebo, chagua zote.

Ikikataa, mara nyingi mshikaji ni Spotlight inayoorodhesha mafaili kwa ajili ya utafutaji, hasa kwa diski mpya au iliyotoka kupokea maelfu ya picha, au ni Time Machine iliyo katikati ya chelezo. Time Machine unaweza kuisimamisha kutoka kwenye alama yake juu ya skrini. Spotlight ni ya kuisubiri. Kwa mengine yote fungua Terminal na uandike amri hii, ukiweka jina halisi la diski yako:

lsof /Volumes/JINA

Safu ya kwanza ya jibu ni jina la programu. Ukiona zsh au bash, mshikaji ni Terminal yako mwenyewe iliyosimama ndani ya diski. Andika cd na ubonyeze Enter, itatoka. Mac pia itakupa kitufe cha "Force Eject". Kitumie pale tu unapomjua mshikaji na una hakika hana kitu cha kuhifadhi.

Ukiwa unatumia habu au doki, kumbuka kwamba kuchomoa habu ni kuchomoa kila kilichochomekwa humo. Toa diski zote kwanza, kisha habu. Hili ni kwa mfumo wowote, ila kwenye Mac ndogo zenye matundu machache husahaulika zaidi.

Linux

Kwenye dirisha la mafaili bofya kimshale kando ya jina la flashi na usubiri ujumbe kwamba unaweza kuitoa. Ikiwa kuna data nyingi iliyobaki, ujumbe wa kwanza utakuomba usichomoe bado. Unaweza kukaa hapo dakika kadhaa, na si kwamba kompyuta imeganda.

Kwa dirisha la amri, anza na lsblk ujue jina la kifaa, kisha amri mbili, ukiweka jina hilo badala ya sdb:

udisksctl unmount -b /dev/sdb1
udisksctl power-off -b /dev/sdb

Ya kwanza inaondoa sehemu ya diski kwenye mfumo na haimaliziki hadi data yote iandikwe. Ya pili inakata umeme wa kifaa, na kwa diski ya kuzunguka ni muhimu kwa sababu inaipa nafasi ya kusimama. Zingatia kwamba ya kwanza ina namba ya sehemu mwishoni na ya pili haina.

Jibu likiwa "target is busy", muulize fuser:

fuser -vm /media/jina/FLASHI

Utakutana na umount -l kwenye majibu ya watu mtandaoni kama dawa ya haraka. Iepuke. Inachofanya ni kuificha diski kwenye orodha huku walioishikilia wakiendelea kuandika nyuma yake. Unaona imetoka, kumbe haijatoka.

Simu, kamera na kadi

Simu ya Android iliyounganishwa na kompyuta kwa kebo haihitaji Eject, maana mwenye kuandika kwenye hifadhi yake ni simu yenyewe. Kompyuta hutuma maombi tu. Subiri kunakili kuishe, chomoa. Lakini flashi au memori kadi iliyochomekwa ndani ya simu ni habari nyingine: nenda kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi, na ubofye alama ya kutoa kando ya jina lake.

Kamera izime kwanza, subiri taa ya kuandika izime, ndipo ufungue kifuniko cha kadi. Baada ya kupiga picha nyingi mfululizo au video, kamera huendelea kuandika kwa muda baada ya kidole kuachia kitufe.

Diski zenye nywila za VeraCrypt (programu ya kufunga data kwa siri) zina utaratibu wa ndani kwenda nje: funga mafaili, kisha funga hifadhi iliyofichwa ndani ya VeraCrypt, kisha toa diski yenyewe kwa njia ya kawaida. Ukianzia nje, mfumo utakataa, na ndivyo inavyopaswa.

Diski ya kuzunguka inataka subira zaidi

Plagi ya USB yenyewe imeundwa kuchomekwa na kuchomolewa kompyuta ikiwa imewaka. Ukiitazama kwa karibu ile ya bapa ya kawaida, utaona vipande vinne vya shaba, na viwili vya pembeni, vinavyobeba umeme, vimesogea mbele kuliko viwili vya katikati vinavyobeba data. Ukichomoa, data hukatika kabla ya umeme. Kwa hiyo kwa flashi, hatari karibu yote iko kwenye data, si kwenye umeme.

Diski ya kuzunguka ni tofauti kwa sababu ina kitu kinachotembea. Sahani zake huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, mara nyingi 5400, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Ukiitoa kwa utaratibu, kichwa hurudi mahali pake pa kupumzikia kwa upole. Ukikata umeme ghafla, diski hulazimika kukirudisha kwa dharura kwa kutumia nguvu iliyobaki kwenye mzunguko wa sahani. Imeundwa kuvumilia hilo, lakini si jambo la kulifanya kila siku, na diski nyingi hurekodi kila tukio la namna hiyo kwenye taarifa zake za afya za SMART, kipengele namba 192.

Baada ya ujumbe wa ruhusa, iache mezani sekunde kama kumi. Weka kidole juu ya kasha: ukihisi mtetemo mdogo, bado inazunguka. Usiinue, usiigeuze, usiitie mkobani hadi itulie. Kama diski ina adapta yake ya umeme, fuata mpangilio huu: itoe kwenye kompyuta, zima umeme wake, kisha chomoa kebo.

Ikishaharibika

Umechomoa vibaya, au umeme umekatika. Irudishe kwenye kompyuta ile ile na usiongeze faili lolote jipya. Windows inaweza kusema kuna tatizo na kujitolea kuikagua. Usikubali kabla hujanakili kwenda mahali pengine kila unachoweza kukisoma. Sababu ni kwamba kazi ya kukagua ni kurudisha mpangilio wa jedwali, hata kwa gharama ya kukata faili ambalo haliendani nalo. Vipande visivyo na mwenyewe huwekwa kwenye folda iliyofichwa yenye jina kama FOUND.000, vikiwa na majina kama FILE0000.CHK.

Ukishanakili, rekebisha. Kwenye Windows fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike chkdsk E: /f ukibadilisha herufi. Kwenye Mac tumia "First Aid" ndani ya Disk Utility. Kwenye Linux tumia fsck.vfat au fsck.exfat, diski ikiwa imeondolewa kwenye mfumo kwanza. Diski ya NTFS ipeleke kwenye Windows kwa kazi hii.

Ujumbe wa kuogopesha zaidi ni ule unaosema lazima diski ipigwe fomati kabla ya kutumika. Bofya Cancel. Mara nyingi ni jedwali tu lililoharibika na data bado ipo. Programu ya TestDisk inaweza kulijenga upya jedwali, na PhotoRec hukusanya mafaili kwa kutambua aina yake, ingawa majina na folda hupotea. Zote mbili ni za bure. Unachokiokoa kihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye ile ile. Na ikiwa diski ya kuzunguka inatoa mlio wa kugonga gonga, izime na uache programu zote. Kila dakika inayowaka inaweza kuzidi kuikwaruza, na hapo anahitajika fundi wa kuokoa data.

Kuhakiki kwamba faili limefika salama

Kwa mafaili ambayo huwezi kuyapata tena, kama chelezo pekee ya picha, alama ya kidijitali ya faili, yaani mfuatano wa herufi na namba unaotokana na yaliyomo, itakuonyesha kama nakala inalingana na asili. Kwenye Windows ni certutil -hashfile E:\picha.zip SHA256, kwenye Mac ni shasum -a 256, na kwenye Linux ni sha256sum. Endesha amri kwenye faili la asili na kwenye nakala, ulinganishe herufi za mwanzo na za mwisho.

Kuna mtego hapa. Ukihakiki mara tu baada ya kunakili, kompyuta inaweza kusoma nakala iliyoko kwenye RAM badala ya kuisoma flashi, na alama zitalingana hata kama flashi ina kasoro. Itoe kwa utaratibu, ichomoe, ichomeke tena, kisha ndipo uhakiki. Zikilingana wakati huo, unaweza kulifuta faili la asili.